UZI: Miaka saba nimeketi nyuma kabisa, misikitini, makanisani na mahekaluni. Niliyoyaona njiani

Dereva wa Masafa (mtoa uzi)

Wakuu, habari za humu. Wakubwa shikamooni.

Niko foleni Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, tangu jana mchana. Gari la mbele yangu limezimwa kabisa, dereva wake amelala chini ya tela. Muda ninao, basi leo naandika uzi niliouahirisha muda mrefu.

Nimesoma humu mabishano mengi ya dini ipi ni ya kweli. Huyu analeta aya, yule anajibu kwa mstari, mwisho watu wanatukaniana mama. Sijamwona hata mmoja aliyesema, "Mimi nilikwenda kukaa nao, nikala nao, nikawatazama siku ambayo hakuna sikukuu." Mimi nilifanya hivyo, kuanzia 2016 hadi 2023, kwa sababu kazi yangu inanipitisha huko. Mara tunapakia bandari ya Dar, mara ya Mombasa, mzigo unakwenda Kampala. Barabara hii ina nyumba za ibada za kila aina, na dereva akingoja kibali hana la kufanya.

Mimi ni Mchagga wa Machame, Mlutheri wa kuzaliwa. Nilibatizwa mchanga, nikapata kipaimara baada ya kukariri Katekisimo Ndogo ya Luther, ile ya "Maana yake nini?" mpaka nikawa naiota usiku. Ibada kwetu haimaliziki mchungaji akitoa baraka. Watu wanatoka nje, mnada unaanza: mikungu ya ndizi, kuku, mayai. Mtu ananunua yai kwa bei ya kuku, kisha analirudisha linadiwe tena. Bibi yangu alikuwa akienda na yai lake moja amelifunga kwenye ncha ya kanga. Mpaka leo nikisikia neno sadaka, naiona ile kanga.

Sikuwa na ugomvi na dini mpaka baba alipofariki. Baba mdogo alitaka mambo ya kimila yafanyike kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Mchungaji wa usharika akasema yakifanyika tutatengwa. Wazee wa ukoo wamenuna huku, wazee wa kanisa wamenuna kule, na jeneza liko katikati. Niliondoka pale nikiwa nimeapa sirudi kanisani. Ila sikuacha kuomba. Ndilo lililonisumbua: naendesha usiku, najikuta naomba, na sijui naongea na nani.

Nitaendelea hapa chini.

Dereva wa Masafa (mtoa uzi)

Kipande cha pili.

Wa kwanza kunipokea walikuwa Makalasinga, yaani Masingasinga. Ukitoka Mombasa, ukishapita Mtito Andei na Kibwezi unafika Makindu, na hapo kuna hekalu lao lililojengwa mwaka 1926, enzi za Masingasinga waliofanya kazi kwenye reli. Madereva wengi tunalijua kwa tumbo: chakula ni bure, wakati wowote, kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimekula pale mara nyingi bila kuwaza. Siku hiyo nikawaza.

Unavua viatu, unanawa, unafunga kitambaa kichwani. Wasiokuja na chao wanapewa hapo hapo. Unaingia na sahani yako ya bati yenye vyumba. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alikuwa anapita na chapati kwenye kitambaa. Nikanyoosha mkono mmoja. Akasimama, hakunikaripia, akanionyesha tu: mikono miwili, viganja juu. Nikaipokea hivyo. Wakuu, chapati ile na dengu ile nimezila mara ishirini, lakini siku hiyo koo lilinikaba. Pembeni yangu alikaa mtu mwenye suti aliyeshuka kwenye gari la gharama, upande wa pili mama wa Kikamba na watoto watatu. Sahani ni zile zile, na hakuna aliyepewa mapema kuliko mwingine. Baadaye nilielezwa kuwa utaratibu huo unatoka kwa Guru Nanak mwenyewe, aliyezaliwa 1469 huko Punjab, kwenye nchi ambayo watu wa matabaka tofauti hawakuwa wakila pamoja. Kwa hiyo kile chakula ndiyo mahubiri yenyewe.

Nilimuuliza yule mzee mtu anaingiaje kwenye dini yao. Akasema, "Maliza kula kwanza." Nilipomaliza akanionyesha wanapooshea vyombo. Nikaosha.

Pili ni Ramadhani. Nilikuwa na mwenzangu wa zamu, mtu wa Tanga. Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, lakini yeye alifunga huku anaendesha. Siku ya tatu nikaona aibu kula mbele yake, nikafunga naye. Nilidhani nitaacha, nikafika mwisho wa mwezi. Futari tulikuwa tunaipata Korogwe au Chalinze kwa mama lishe: tende, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi. Nataka niseme kitu ambacho Mkristo mwenzangu hawezi kukijua kwa kusoma: kuanzia siku ya kumi hivi, njaa inakuwa kawaida, ila ulimi unaanza kuonekana. Unajisikia unavyosengenya. Nilikuwa sijui kwamba ninasengenya kiasi kile.

Mwezi ulipoandama nilikwenda kwa imamu wa msikiti mmoja Tanga, nikamwambia nataka kusilimu. Nilitegemea atafurahi. Akaniuliza kwanza habari za nyumbani: wazazi, ndugu, nimeachana nao vipi. Nikajibu kwa mkato. Akanisomea hadithi ya Mtume, "Hataingia Peponi mwenye kukata udugu." Akasema, "Shahada ni maneno machache, mlango uko wazi muda wote. Lakini usiingie humu kwa kumkimbia mtu."

Niliondoka nimekasirika.

Mwana wa Tongoni

Mkuu, uzi mzuri, Allah akuongoze. Lakini niruhusu niseme kama ndugu. Hii lugha ya "nilikaa huku, nikala kule" inaweza kumpoteza mtu. Chakula cha bure hakithibitishi itikadi. Tauhidi, kumpwekesha Mungu, ni moja. Qur'ani 4:157 inasema wazi kuwa Isa hakuuawa wala hakusulubiwa, na nyie mnasema alisulubiwa. Hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja hata ukikaa nyuma miaka mia. Sasa wewe unasimama wapi?

Dereva wa Masafa (mtoa uzi)

Mwana wa Tongoni, umeuliza kwa heshima nami nakujibu kwa heshima. Uko sahihi: hayawezi kuwa kweli yote mawili. Sikuja hapa kusema dini zote ni moja. Anayesema hivyo hajakaa na watu wa dini yoyote, maana ukikaa nao unaona wanavyotofautiana, na tofauti hizo ndizo wanazozifia. Mimi naamini alisulubiwa. Yule mwenzangu wa zamu haamini. Tumelala kwenye kabini moja miaka mitatu, hatujawahi kufichana hilo wala kulainisha.

Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Itikadi ya mtu huwezi kuipima kabla hujaona inamfanya afanye nini siku ya Jumanne saa kumi jioni, akiwa amechoka, akiwa na deni.

Kijana wa Kilifi

Mimi ni Mkenya, niko Malindi. Naomba kuongeza onyo, si kwa kuharibu uzi. Watu wanaotafuta ndio wanaoliwa. Msitu wa Shakahola hauko mbali na kwetu. Mwaka 2023 ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya mia nne mle msituni, wafuasi wa mhubiri mmoja. Walikuwa watu wa kawaida, wengine wamesoma, wameacha kazi zao nzuri. Walianza kwa kutafuta ukweli tu kama huyu ndugu. Kwanza mhubiri wao aliwaambia shule ni mbaya, kisha hospitali ni mbaya, mwishowe wafunge mpaka wafe wamwone Yesu. Jirani yetu alimpoteza dada yake na watoto. Kwa hivyo mtu akitembea atembee na macho.

Dereva wa Masafa (mtoa uzi)

Kijana wa Kilifi, pole sana, na mfikishie jirani pole zangu. Mchango wako ni mzito kuliko niliyoyaandika yote.

Nilipita Mombasa ile Aprili, magazeti yote yalikuwa na picha za ule msitu. Tangu hapo nina kipimo kimoja nisichokilegeza. Nyumba yoyote ikiniambia nisirudi kwetu, nisiongee na mama, nisiulize, mimi navaa viatu natoka haraka. Makindu waliniacha niondoke na shibe yangu, hawakuniomba hata jina. Yule imamu alinirudisha nyumbani kabla ya kunipokea. Wakati ule nilimwona mgumu, kumbe alikuwa ananilinda.

Binti Ruvuma

Kaka, naomba kuuliza kwa upole. Umesema ulimkasirikia imamu. Ulikasirika nini hasa? Alikuuliza habari za nyumbani tu.

Dereva wa Masafa (mtoa uzi)

Dada, umegusa. Nitafika hapo, niache kwanza nimalize Mbale na Kampala.

Mbale. Kutoka Tororo unapanda kaskazini mwendo mfupi tu. Gari lilikuwa linangoja kipuri, utingo akabaki nalo, nikapanda matatu. Nilikuwa nimesikia kuna Waafrika Wayahudi huko, nikadhani ni hadithi. Si hadithi. Wanaitwa Abayudaya. Chanzo chao ni Semei Kakungulu, Mganda, jemadari aliyewasaidia Waingereza kuteka mashariki ya Uganda, kisha akakorofishana nao. Alisoma Agano la Kale kwa macho yake mwenyewe, akaona tohara na Sabato zimeandikwa pale wazi, akauliza kwa nini hazishikwi. Mwaka 1919 akatahiriwa, na watu wake pamoja naye. Hakuwahi kumwona Myahudi kabla ya hapo! Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, wengi waliiacha. Waliobaki waliishika kwa siri.

Nilifika Nabugoye Ijumaa jioni, jua linakaribia kuzama. Wanaume wamevaa kofia ndogo za kufuma, nikadhani nimekosea nimekuja msikitini. Kina mama wakawasha mishumaa. Wakaimba Kiebrania, wakaimba Kiganda, Zaburi zile zile nilizokariri utotoni, kwa sauti ambazo bibi yangu angezifuata. Giza lilipoingia kazi yote ikasimama. Kijana aliyenikaribisha alizima simu, akaiweka kwenye droo. Jamani, mimi mtu ambaye simu hainitoki mkononi! Nilimwuliza, "Ukipigiwa kwa dharura?" Akasema ikiwa ni uhai wa mtu, Sabato inapisha. Kisichofika hapo kinangoja Jumamosi jua lizame.

Kesho yake mzee mmoja alikuwa anatueleza habari za siku yao ya toba, Yom Kipuri. Akasema siku ile Mungu anasamehe yaliyo baina yako na Yeye. Uliyomkosea mwenzako, Mungu hayagusi mpaka umwendee mwenzako mwenyewe. Akaniangalia? Hapana, hakuniangalia, alikuwa anaongea na wote. Lakini nilitamani anyamaze.

Kampala nimefupisha. Hekalu la Wabahai, watu wa dini iliyoanzia Uajemi, kilima cha Kikaya. Nilikwenda siku ya kazi, mchana, hakuna mtu.

Mkaazi wa Gayaza

Mzee wa safari, hapo Kikaya usipite haraka hivyo! Mimi si Mbahai lakini naishi karibu, watoto wetu wanacheza kwenye zile bustani. Lilifunguliwa 1961, la kwanza Afrika. Lina pande tisa na milango tisa, kila mtu aingie anakotoka. Ndani hakuna mahubiri kabisa. Wanasoma maandiko, yao na ya dini nyingine, na kwaya inaimba bila ala yoyote. Hawana mapadre. Na kwenye viwanja vile kuna kaburi la Enoch Olinga, mtu wa kabila la Wateso wa kwetu Uganda, aliyefika daraja ya juu sana katika dini ile, akauawa nyumbani kwake Kampala mwaka 1979 pamoja na mkewe na watoto wake watatu. Ukifika tena, lizuru.

Dereva wa Masafa (mtoa uzi)

Asante mkuu. Nilipita haraka kwa makusudi, na sasa namjibu Binti Ruvuma.

Kikaya hakukuwa na mtu wa kunihubiria. Hakuna imamu wa kunikasirikia, hakuna mzee wa Mbale, hakuna hata wimbo. Benchi, mwanga unaoingia kutoka juu, na mimi. Nilikaa kama saa nzima. Na kwa kuwa hakuna aliyesema, nikasema mwenyewe.

Hapo juu nimewaambia niliacha kanisa kwa sababu ya mchungaji na matambiko. Ni kweli ugomvi ule ulikuwepo. Lakini haukuwa sababu. Kwetu kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya baba na kihamba kinachoizunguka. Mimi ni mkubwa, nilikuwa nimepewa eneo langu zamani. Baba alipofariki, mdogo wangu akapata nyumba kama mila inavyotaka, na mimi ndiye niliyekuwa nimelipia bati zote za nyumba ile kwa pesa za barabarani. Iliniuma. Wiki mbili baada ya mazishi, alfajiri, nikang'oa masale ya mpakani nikayapanda upya hatua sita ndani kwake.

Wasio wa kwetu mwelewe: isale ni jani tunalolipanda mpakani na kwenye makaburi ya wazee. Kung'oa isale la mpaka ni jambo ambalo kwetu halisemwi kwa sauti. Mdogo wangu aliona. Hakupiga kelele, hakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Aliacha tu kunipigia simu. Miaka saba.

Kwa hiyo dada, nilimkasirikia imamu kwa sababu alilikuta jeraha kwa swali la kwanza. Nilizunguka nikitafuta nyumba ambayo Mungu wake angenipokea bila kuuliza habari za mpaka. Sikuipata. Na ile kwetu nayo, niliyoikimbia, ina maneno hayo hayo, Mathayo 5: iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Nilikuwa nimeyasikia tangu mtoto, yai la bibi likiwa kwenye kanga.

Binti Ruvuma

Asante kwa kusema ukweli. Ulikwenda?

Dereva wa Masafa (mtoa uzi)

Nilikwenda Desemba 2023, Wachagga tunaporudi nyumbani. Nilishuka kwenye basi, sikuingia kwangu. Nikapita makaburini, nikakata isale moja kutoka kwenye kaburi la baba. Kwa mila yetu, anayekuja na isale anaomba msamaha, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa. Hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi, maana nilijua atasamehe hata kama hataki, na ningepaswa kuishi na hilo.

Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Mimi mkubwa wake nikapiga goti. Akaliangalia lile jani muda mrefu, panga liko mkononi. Kisha akalipokea kwa mikono miwili, viganja juu. Sikulia Makindu, nililia pale.

Siku ya tatu tukang'oa masale, tukayarudisha yalipokuwa. Baba mdogo alikuwepo. Mchungaji alipita njiani, akasimama, akasalimia, akakaa akanywa chai. Hakusema neno la kutengwa mtu.

Mwana wa Tongoni

Wallahi umenitoa machozi, mkuu. Hatukubaliani kwenye itikadi na tusidanganyane. Ila kuunga udugu ni ibada kubwa kwetu, na Mungu akulipe kwa hilo.

Mlokole Mkweli

Mtumishi, nimekufuatilia vizuri. Hilo jani nalo si tambiko? Biblia haijasema twende na majani. Uliokoka wapi hapo?

Dereva wa Masafa (mtoa uzi)

Mtumishi, swali lako ni halali na wengine nyumbani wameniuliza. Sikumwomba baba kaburini wala sikumwaga mbege, pombe yetu ya ndizi. Nilibeba lugha ambayo mdogo wangu anaielewa. Ningemletea mstari wa Biblia angesema nimeusoma. Isale hakuna anayelileta kwa mzaha.

Nimerudi kwenye usharika wangu. Nakaa nyuma, nimeshazoea kukaa nyuma. Lakini sirudi kama nilivyotoka. Ijumaa jioni jua likizama naweka simu kwenye droo ya kabini mpaka alfajiri, isipokuwa nikiwa mpakani kama hivi leo. Sijiiti Myahudi kwa hilo, na mtu wa Mbale akinisikia nikijiita hivyo ana haki ya kukasirika. Kufunga nafunga siku chache za Kwaresima, kwa namna niliyofundishwa na Mtanga. Kipaimara sikuwahi kufundishwa kufunga. Tulifundishwa maana ya kufunga.

Mama wa Upanga

Mwanangu, hongera. Mimi ni mtu mzima, Mkatoliki, mume wangu Mwislamu, tumeishi pamoja miaka thelathini na minne. Ninalo moja la kukukumbusha wewe na vijana wanaokusoma. Ninyi wanaume mnazunguka, mnaingia popote mnakaa nyuma. Mwanamke akianza kuzunguka ataulizwa na mumewe, na mama mkwe, na jumuiya. Mimi nilitamani miaka mingi kwenda kukaa kimya kwenye hekalu la Mabudha lililoko hapa hapa mtaani kwetu, lina mti mkubwa wenye kivuli kizuri. Nilikwenda nilipofika miaka sitini. Mtawa aliniambia nihesabu pumzi tu. Sasa naenda mara kwa mara, kisha jioni nasali rozari yangu. Mume wangu ananisindikiza hadi getini.

Dereva wa Masafa (mtoa uzi)

Shikamoo mama. Hilo sikuwa nimeliona kabisa, na ni kweli. Yote niliyoyafanya, niliyafanya kwa sababu hakuna aliyeniuliza nilikolala. Nakushukuru.

Utingo Mpya

Bro mkubwa, mimi ndiyo nimeanza kazi, wiki ijayo tunapakia Mombasa. Nataka nisimame Makindu lakini naogopa kukosea. Nifanyeje?

Dereva wa Masafa (mtoa uzi)

Usiogope mdogo wangu. Usiingie na sigara, pombe wala nyama mfukoni au tumboni kama unaweza. Soksi ziwe safi maana viatu utaviacha nje. Kitambaa cha kichwa utapewa. Chukua kidogo, ukitaka zaidi watakuongeza, ila usibakishe. Mikono miwili kwenye chapati. Hakuna atakayekudai, lakini kuna sanduku, na ukiwa huna kitu nenda kaoshe vyombo, hiyo nayo wanaipokea vizuri.

Foleni imesogea, yule wa chini ya tela ameamka. Nawasha gari. Waliobaki nitawajibu nikifika Tororo.